Maelezo ya Mjomba Kuhusu Boti Iliyopasuka Newala

KITUO KIDOGO CHA POLISI, NEWALA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Benedikto Ladislaus Nampota, maarufu Mzee Bene
Umri: miaka 56
Kazi: mkulima wa korosho, pia mshauri wa ukoo na wa mambo mengine
Dini: Mkristo
Makazi: Chiungutwa, wilaya ya Masasi. Kwa sasa nimefikia kwa mpwa wangu hapa Newala
Tarehe: 2 Desemba 2024, saa tatu na robo asubuhi
Mbele ya: Koplo Justa

Mimi niliyetajwa hapo juu naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Afande Justa alitaka mimi niseme na yeye aandike, nikamwambia hapana, maneno yangu yakipita kwenye kalamu ya mtu mwingine huwa yanapungua uzito. Kwanza ieleweke anayeandika ni nani. Kutoka Chiungutwa mpaka Mkomaindo, na kutoka Mkomaindo kupanda mpaka huku juu Newala, hakuna mnada wa korosho unaofunguliwa kabla sijakaa kwenye kiti. Wamewahi kujaribu kuanza bila mimi, mizani ikakataa kutulia. Shule niliacha darasa la sita, na sikufukuzwa. Mwalimu mkuu alimwita marehemu baba akamwambia, huyu kijana hatuna tena cha kumwongezea.

Afande amesema hayo hayahusiani na tukio. Nimemsikia. Yabaki tu.

Nimeitwa hapa kwa sababu Mohamedi Chilumba, fundi mwashi, jirani wa mpwa wangu, yumo mahabusu tangu jana mchana. Anatuhumiwa kwamba siku ya Jumamosi aliruka ua, akaingia nyumbani kwa mpwa wangu, akapasua boti yake kwa nyundo. Nimeambiwa kesho anapelekwa mahakamani. Mke wake bado ana kichanga ambacho hata jina hakijapewa.

Mpwa wangu anaitwa Jonathan, ni mpima ardhi, ameajiriwa. Ni mtoto wa dada yangu wa tumbo moja, na kwetu sisi Wamakonde mjomba siyo mgeni wa Krismasi. Mjomba ndiye mwenye mtoto. Baba ni mtu aliyekuja kuoa. Ameoa mwalimu anaitwa Pendo, mtu wa Ukerewe. Huyu Pendo amezaliwa kisiwani, amekua anaona maji mengi kuliko ardhi, kwa hiyo simlaumu sana. Namlaumu Jonathan, aliyezaliwa huku juu, aliyeogeshwa kwa kata moja ya maji mpaka akamaliza darasa la saba.

Mwaka jana hao wawili wakajiunga na kitu kinaitwa Klabu ya Makasia ya Wanandoa. Makao yake yako Masasi. Narudia ili isionekane nimekosea kuandika: klabu ya boti, makao yake Masasi, mji ambao ukitaka kuona maji mengi kwa pamoja unasubiri bomba lipasuke. Mwenyekiti wao ni bwana mmoja anaitwa Bernard, muuza mabati, tumbo lake peke yake lingetosha kuzamisha pantoni. Wanamwita Nahodha. Nahodha wa mabati.

Siku ya kuapishwa kwao nilialikwa kama mjomba. Nilitegemea kiti cha mbele. Nikapewa kiti cha plastiki nyuma ya spika, mguu mmoja umeungwa kwa waya. Nikawaona watu wazima, wengine na mvi zao, wamevaa fulana za kufanana zenye picha ya nanga, wanakuja mbele mume na mke, wanashika kasia moja mikono minne, wanasema maneno. Sheria yao kubwa ni kwamba ndani ya boti hakuna mkubwa. Mke akisema "kulia", mume anajibu "nimesikia". Mume akisema "kushoto", mke anajibu "nimesikia". Jonathan alijibu "nimesikia" mara tatu na ukumbi mzima unampigia makofi. Mwanamume wa ukoo wetu. Mimi kwenye ukoo huu nikisema neno hakuna anayejibu kwamba amesikia. Wananyamaza, na hiyo ndiyo heshima.

Ikifika likizo wanaifunga boti nyuma ya pikapu, wanaivuta mpaka Mbamba Bay, Ziwa Nyasa, siku mbili barabarani. Wanazunguka humo wiki nzima. Wanarudi pua zimebabuka, wanachekeana wenyewe kwa wenyewe kama watu waliokunywa uraka. Ukiwauliza mmeleta nini, hawakuleta dagaa, hawakuleta mbasa, wameleta picha.

Mwezi wa saba walituchukua mimi na mke wangu Anjelina tukaone kwa macho, kwenye ziwa moja la bondeni kando ya Ruvuma. Nilikaa ukingoni nikatazama. Wanatoka hapa, wanapiga makasia mpaka katikati, wanasimama kuangalia ndege, wanarudi hapa hapa walipotoka. Safari haina mzigo, haina mgonjwa, haina msiba. Mimi Ruvuma nimeivuka kwa mtumbwi enzi za ujana wangu mpaka viboko wa kule walikuwa wananijua kwa sauti. Safari moja mamba aliuma ubavu wa mtumbwi, nikamshika taya la juu, nikamwambia kwa Kimakonde atafute saizi yake. Akaachia, akaenda. Hakuna aliyenipigia makofi wala kunipa fulana.

Siku hiyo Pendo alimwambia mke wangu, "Mama, njoo nikuzungushe kidogo." Anjelina alikuwa ameshavua viatu. Nikamjibia mimi, nikasema hapana, ana kifua. Hana kifua. Akavaa viatu vyake. Kurudi mpaka Newala hakusema neno, na mimi sikumuuliza, kwa sababu mwanamke akinyamaza kwenye gari huo ni usingizi.

Afande amesema nifike kwenye tukio. Ninafika, mlima haupandwi kwa kuruka.

Boti yenyewe ni ya plastiki ngumu, nyeupe, ina mistari ya bluu ubavuni. Haifai hata kuni. Imeandikwa BRIGITA, jina la binti yao aliye shule ya bweni. Inakaa uani juu ya trela lake la magurudumu mawili, imefunikwa turubai jipya. Mita moja kutoka hapo kuna kisima cha maji ya mvua, cha zege, kina ufa, huu ni mwaka wa pili. Mtu wa Newala, kisima kina ufa na boti ina turubai. Hapo ndipo ugomvi wake na Mohamedi ulipoanzia. Mohamedi ni fundi, alimwambia mara nyingi, "Baba Brigita, ziba kisima kwanza. Boti hainyweki." Jonathan hakupenda kuambiwa. Na kwenye foleni ya bombani Mohamedi aliwahi kusema, watu wanasikia, kwamba ipo siku ile boti wataipasua wagawane vipande wakaogeshee watoto. Yale ni maneno ya foleni. Kila mtu aliyewahi kupanga foleni ya maji hapa Newala ameshasema neno ambalo mahakamani lingemfunga.

Mnamo tarehe 29 Novemba 2024, siku ya Ijumaa, Jonathan na Pendo waliondoka kwenda Masasi kwenye mkutano wa klabu, wakatuachia nyumba mimi na Anjelina. Jonathan alinikabidhi funguo akaniambia, "Njomba, kila kitu humu ni chako, ila boti naomba usiiguse." Nilimtazama tu mpaka akapanda gari. Mtoto anamwambia mjomba wake usiguse.

Mnamo tarehe 30 Novemba 2024, Jumamosi, majira ya saa nne asubuhi, mvua ya kwanza ya msimu ilianza kunyesha. Afande Justa ni mtu wa Bukoba, kwao mvua ni kero, kwa hiyo naeleza. Huku juu hatuna mto wala chemchemi. Maji yako bondeni, na bomba linatoka likipenda. Kwa hiyo mvua ya kwanza ikinyesha unaacha bati lioshwe kwanza, litoe vumbi na mavi ya mijusi, halafu mtaa mzima unatoa vyombo: madumu, masufuria, mabeseni, hata kinu. Chombo kitupu kikikutwa kimekaa kikavu uani huku mvua inanyesha, ni aibu ya nyumba nzima, na jirani ana haki ya kukichukua akakitega yeye. Nimewahi kuona watu wanaliacha jeneza barazani wakatege maji kwanza, na marehemu angekuwa hai angewasaidia.

Sasa bati la Jonathan ni kubwa kuliko yote mtaani. Mfereji wake unamwaga kisimani, kisima kina ufa, maji yote yanazama ardhini mbele ya macho yangu. Na pembeni, mita moja, kuna chombo cheupe, kirefu, kitupu, kimefunikwa ili kisilowe. Mtu mwenye akili afanye nini, atazame?

Nilitoa turubai. Tundu la nyuma la kutolea maji, ambalo Jonathan huliacha wazi, nililiziba kwa gunzi la hindi na kitambaa. Nikaupinda mfereji ukaelekea kwenye boti. Nilifanya mimi, peke yangu, wala Mohamedi hakuwepo, na ningefanya tena leo. Siku ile ndiyo siku ya kwanza boti ile kufanya kazi tangu inunuliwe.

Ilipofika nusu nilifungua geti. Majirani wakaja na madumu. Nilisimama na kata nikagawa kwa haki, wajane kwanza, hakuna aliyemsukuma mwenzake. Kuna mama mmoja anaitwa Pili, wa nyumba inayotazamana na yetu, alisema Mzee Bene amepandisha bahari Newala. Mohamedi naye alikuja akajaza madumu mawili kwa ajili ya mke wake na mtoto. Akaipiga boti ubavuni kwa kiganja, taratibu, akasema, "Leo nimeikubali." Akaondoka zake. Majira ya saa saba mvua ilikata, watu wakaisha, nikafunga geti. Ndani ya boti maji yalikuwa bado mengi.

Majira ya saa nane mchana nilikuwa ndani nimejilaza. Nikasikia mlio mkubwa uani. Nilipotoka nikakuta boti imekaa kitako, imepasuka upande wa nyuma, maji yanakwenda. Sikuona mtu yeyote. B.L.N.

Hapo ndipo nilipotaka kusaini. Na hayo ndiyo niliyomwambia Jonathan aliporudi jioni ile. Pendo alipoiona boti alikaa chini kwenye tope na fulana yake ya nanga, hakulia, akawa anapapasa ule ufa kwa kidole kama anatafuta mapigo ya moyo. Jonathan akatoka kuuliza majirani. Pili akasema alichokiona, na hakudanganya: alimwona Mohamedi anaruka ua wa minyaa na nyundo mkononi, kisha anatoka ameloa mpaka kifuani. Jonathan akaunganisha na yale maneno ya foleni, akaja hapa kituoni.

Jana mchana walipokuja kumchukua Mohamedi nilikuwa nimekaa barazani. Alipitishwa mbele yangu. Akasema, "Shikamoo, Mzee." Nikaitikia marahaba. Nilikuwa nakula ming'oko, nikaiweka chini.

Afande Justa amesoma nilipofikia akaniuliza: kama sikuona mtu, najuaje kwamba siyo Mohamedi? Nikamwambia Mohamedi si mtu wa namna hiyo. Akasema hiyo ni sifa, siyo ushahidi. Halafu akanisomea maneno ya Mohamedi mwenyewe. Mohamedi amesema alikuwa kwake anagongea bawaba ya mlango wa jiko, akasikia mtu upande wa pili wa ua anapiga kelele kwamba anazama, akaruka na nyundo yake kwenda kumwokoa. Afande amesema hapa kituoni walicheka mpaka mmoja akatoka nje. Nani azame Newala. Amesema maelezo hayo ndiyo yatakayommaliza, kwa sababu hakimu ataona huyu mtu mbali ya kuvunja mali ya watu anaifanyia na mahakama mzaha.

Nimeomba kufuta pale nilipoandika kwamba nilikuwa ndani. Afande amesema hapa hakifutwi kitu, nipitishe mstari mmoja na kusaini pembeni, halafu niendelee. Nimefanya hivyo.

Kwenye dirisha hili namwona mke wangu Anjelina amekaa kwenye benchi la nje, amepakata kikapu cha chakula cha Mohamedi. Asubuhi njiani aliniambia, "Baba Justin, nakupa nafasi useme wewe. Ukitoka humo hujasema, naingia mimi." Akiingia yeye ataeleza vyote, na jinsi atakavyoeleza naijua. Kwa hiyo naeleza mimi, kwa kipimo.

Ni hivi. Baada ya kufunga geti nilimkuta Anjelina amesimama kwenye boti, ameweka mkono ndani ya maji. Nikamwambia tuingie ndani tupumzike. Akasema, "Maji nimeyabeba kichwani tangu usichana, kupanda mlima ule, na mimba za wanao wote. Leo acha na mimi niyakalie." Nikamwambia ni upuuzi wa klabu, usituletee hapa. Akavua viatu. Sasa ningefanyaje, nimwache mke wangu akae peke yake kwenye boti ya watu, apite mtu amwone? Niliingia kwa kulinda heshima ya nyumba.

Yeye alikaa nyuma. Na mimi nikaenda kukaa nyuma, kwa sababu mbele kulikuwa mbali. Miguu ndani ya maji. Maji ya mvua yana baridi nzuri, hilo sitalikataa. Alikuwa amevaa lile jaketi la kuelea la Pendo na mimi akanivalisha la Jonathan, akanifunga kamba mwenyewe. Kasia nililishika ili lisianguke. Akatazama mbele, kwenye ukuta wa choo, akasema, "Kulia." Hapakuwa na mtu mwingine hapo, kwa hiyo nilichojibu hakina haja ya kuandikwa.

Trela lile halikuwa limefungwa kwenye gari, mbele lilikuwa limeegeshwa juu ya matofali. Tulivyokaa wawili nyuma, maji nayo yakatufuata nyuma, mbele ikanyanyuka. Boti ikashuka kwa kitako, ikapiga ukingo wa kisima, ikapasuka. Hicho ndicho kilichopasua boti ya Jonathan: ukingo wa kisima chake mwenyewe, na sisi wawili ndani. Nyundo ya Mohamedi haikugusa kitu. Alipotua tu uani aliitupa kwenye nyasi, akaingia kwenye boti na nguo zake, akanishika makwapani. Halafu akampa mkono Anjelina, ambaye alikuwa amekaa pale pale kwenye maji anacheka. Miaka thelathini na zaidi sijamsikia akicheka vile, na sikujua kama nikasirike.

Nikamwambia Mohamedi asimweleze mtu. Akasema, "Sawa, Mzee, ni yetu." Ndiyo maana Jumamosi alinyamaza, na Jumapili asubuhi Jonathan alipomfokea kwenye ua bado alinyamaza, mpaka alipofika hapa akaona kweli analala ndani, ndipo akasema, na mlipocheka akanyamaza tena. Yule si mvunjaji wa mali. Mwachieni aende kwa mtoto wake. Boti nitaongea na Jonathan mwenyewe, na kisima pia.

Imebaki kelele. Kelele zile zilikuwa zangu. Boti ilipokaa kitako nilianguka chali, maji yakaniingia masikioni, nikaona mbingu nyeupe, nikajua ndiyo basi. Nilipiga kelele kwamba nazama, na siyo mara moja, na mwishoni nilimwita marehemu mama. Nilikuwa na jaketi la kuelea kifuani. Mohamedi aliponisimamisha, maji yalikuwa yananifika magotini.

Niliyoyaona na niliyoyafanya ni hayo, na mkono ulioandika ni wangu.

Sahihi: B. L. Nampota

Maelezo ya askari: Shahidi ameandika mwenyewe mbele yangu. Nimemsomea yote, amekiri ni sahihi na amesaini pembeni ya mstari uliokatwa. Nimeyapeleka kwa mkuu wa kituo, ambaye ameelekeza Mohamedi Chilumba atolewe mahabusu na mlalamikaji aitwe. Kabla ya kuondoka shahidi aliomba neno "magotini" libadilishwe lisomeke "kiunoni". Mke wake, aliyeitwa kutoka benchi la nje, amesema ni magotini. Limebaki kama lilivyo.

Koplo Justa
Saa tano na dakika kumi asubuhi